Fahali wa Bwana Lukhanyu

Lurambi, Kakamega
Jumapili, 2 Machi 2025

Mpendwa Senje Dorothy,

Pokea salamu zangu na za nyumbani Shinyalu. Sisi sote ni wazima, isipokuwa Mama bado analalamika mgongo. Natumaini goti lako limepoa tangu mazishi, na kwamba wajukuu hawakusumbui sana. Mdogo wangu Mideva yuko kidato cha tatu sasa na amekuwa mrefu kuliko mimi. Mvua imeanza kunukia lakini bado hatujapanda mahindi.

Nimekupigia simu mara kadhaa. Kila mara unapokea, unasema, "Haya, haya, nimesikia," halafu unakata kabla sijasema lolote. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea Mama Hadijah wa Matungu, yule anayeuza leso sokoni hapa mjini. Ameniambia hupita Butere siku ya soko, na kwamba hatadai nauli ya barua, ila niombee biashara yake. Nimemwahidi.

Kwa kuwa hukuweza kukaa hadi shilembe, ile siku ya ng'ombe ya kumuaga babu, Kuka wetu, nikueleze ilivyokuwa. Ng'ombe wa kijiji walizungushwa kaburini kwa heshima yake, ngoma za isukuti zikilia mpaka ardhi ikatetemeka. Tulipodhani tumemaliza, tukasikia isukuti nyingine kutoka barabarani. Alikuwa Bwana Lukhanyu na watu wake, wanaleta fahali wa kupigana. Senje, sijawahi kuona mnyama kama huyo. Mweusi, shingo kama gunia la mahindi, pembe zimechongwa. Bwana Lukhanyu alisimama kando ya kaburi akasema mbele ya watu wote, "Philemon, marehemu baba yako alikuwa mtu wa mafahali, na amekufa zizi likiwa halina hata mmoja. Huyu ni wake. Anaitwa Tingatinga." Akamtia Baba kamba mkononi. Akina mama wakapiga vigelegele. Baba alilia, na sikuwa nimemwona akilia hata siku ya kuzika.

Ndiyo, ni Lukhanyu yule yule wa kampuni ya ujenzi, aliyetaka kununua shamba la chai la Kuka pale njia panda, ajenge hoteli ya wageni wa msituni. Baba alimkatalia, na akamkatalia tena. Mimi ni karani katika ofisi ya huyo Lukhanyu tangu Januari. Labda Mama alikuambia.

Nina swali dogo la Kiingereza, nawe ulikuwa mwalimu. Watu wanaposema "white elephant", yaani ndovu mweupe, wana maana gani hasa? Magazeti huliita hivyo lile soko lililojengwa likaachwa kwa popo. Nimedhani ni jengo lisilotumika tu. Je, linaweza kusemwa juu ya kitu ambacho si jengo? Na msemo huu ulitoka wapi? Si jambo la haraka.

Ni mimi mwana wa ndugu yako,
Sydney


Butere
17 Machi 2025

Mwanangu Sydney,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Umenyooka, ingawa herufi zako zimebanana kama watu wanaoogopa mvua. Mimi ni mzima. Goti linanitii asubuhi na kunikatalia jioni. Wajukuu ni wazima, wananipigia kelele kutwa. Miwa imekomaa na trela zimetuharibia barabara. Usijisumbue kunipigia. Simu hii ina mtandao mbovu.

Mama Hadijah alinipa barua yako na salamu ndefu za dini yake, nami nikamrudishia za dini yangu, tukacheka. Mwambie mama yako akande mgongo kwa maji ya moto na aache kubeba kuni kama msichana.

Umekwenda chuoni hadi ukavaa joho, na bado unamwuliza kikongwe maana ya msemo! Lakini umeuliza vizuri, kwa sababu watu wengi hutumia msemo huo kama wewe ulivyosema, jengo lisilotumika, wakaishia hapo. Hiyo ni nusu tu.

Hadithi inayosimuliwa ni hii. Katika nchi ya Siam, ambayo leo ni Thailand, ndovu mweupe alikuwa mnyama mtakatifu, mali ya mfalme. Hafanyi kazi. Habebi magogo kama ndovu wengine. Basi, wanasema, mfalme akimchukia mtu mmoja wa baraza lake, hakumfunga wala kumpiga. Alimpa ndovu mweupe. Yule mtu angefanya nini? Kukataa zawadi ya mfalme ni kumtukana. Kuiuza ni matusi zaidi. Kumchinja mnyama mtakatifu, hilo hata hulifikirii. Ikambidi amlishe, amjengee, amwajirie watu wa kumtunza, huku majirani wakimwonea wivu kwa heshima aliyopewa. Ndovu akala mpaka mtu akafilisika. Na mfalme hakuwa amefanya ubaya wowote ambao mtu angeweza kuunyoshea kidole.

Sasa, kama mwalimu, lazima niseme kwamba wanaochunguza mambo haya hawajapata ushahidi kuwa mfalme yeyote alifanya hivyo kwa makusudi. Huko kwao ndovu kama huyo ilikuwa heshima ya kweli. Huenda ni Waingereza waliosimulia hivyo, wakaupenda msemo kwa sababu ya hadithi. Lakini maana yake ndiyo hiyo: kitu cha fahari ambacho mwenye nacho hawezi kukitumia, hawezi kukiacha, na kinammaliza. Kwa hiyo, ndiyo, kinaweza kuwa si jengo.

Nimekujibu. Sasa nijibu. Nani alisema, na alikuwa anasema juu ya nini? Mtu hamwandikii shangazi yake kurasa mbili juu ya fahali halafu akaweka swali la Kiingereza chini kabisa bila sababu.

Senje wako,
Dorothy


Lurambi
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Senje,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Mama Hadijah ameniuliza kila juma, "Karani, iko wapi barua ya Butere?" nami nikamwambia kesho. Natumaini u mzima. Mama alikanda mgongo kama ulivyosema na akapata nafuu, lakini kuni bado anabeba. Mahindi yamefika magotini. Mideva alikuwa wa tatu darasani, ingawa sasa huchelewa shule kwa sababu hukata majani ya ng'ombe kwanza.

Umeuliza nani alisema. Nilikuwa nimeingia na chai ofisini kwa Bwana Lukhanyu. Alikuwa kwenye simu, akicheka. Alisema kwa Kiingereza kwamba amempa yule mzee wa Shinyalu ndovu mweupe, na kwamba mwenzake wa simuni atulie, wamwache mzee amlishe. Aliniona, akaniashiria niweke chai mezani, akaendelea kucheka. Sidhani alikumbuka mimi ni mtoto wa nani. Au alikumbuka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Barua yako niliisoma nikamwona Tingatinga katika kila mstari.

Tingatinga anakula kabla yetu. Si nyasi za barabarani. Anataka matete mabichi, molasi, na unga wa mahindi uliokorogwa. Bwana Lukhanyu alimwacha na mtunzaji wake, Erastus, ambaye naye anakula ugali wetu, obusuma, kila siku, na Jumapili anauliza ingokho iko wapi, kana kwamba kila juma tunachinja kuku. Nilimwambia, kwa upole, kwamba msimu wa kulima ng'ombe huyu angeweza kuvuta jembe angalau nusu siku. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Karani, huyu si ng'ombe wa kulimanga. Mfunge jembe leo, uone kama kesho hatutaimbwa Shinyalu nzima!"

"Basi tumuuze," nikasema.

"Umuuzie nani ng'ombe wa kaburi? Utamwambia nani nimekuuzia zawadi ya babu yangu?"

Hawezi kuuzwa, Senje. Hawezi kuchinjwa. Watu wa Bwana Lukhanyu huja Jumamosi kumtazama, wanampapasa, wanamsifu Baba. Na Baba anawakaribisha. Anaoga, anavaa koti la Kuka, anasimama kando ya zizi. Watu ambao hawakuwa wakimsalimu sasa wanamwita Mwenye Tingatinga. Matete yetu yalipokwisha aling'oa safu za chini za chai akapanda mengine. Juma lililopita aling'oa safu zaidi. Ile chai Kuka alipanda kwa mkono wake. Mama alisimama mlangoni akitazama.

Siwezi kumwambia Baba nilichosikia. Akijua, atakwenda ofisini kwa Bwana Lukhanyu na fimbo, na mimi kesho yake sina kazi. Mshahara wangu ndio unaomlipia Mideva shule. Lakini nisipomwambia, ataendelea kung'oa. Nimefikiria kila upande na hakuna upande.

Baba hamsikilizi mtu duniani ila wewe dada yake. Tafadhali njoo. Hata siku moja tu. Keti naye, umweleze ile hadithi ya mfalme kama ulivyonieleza, bila kunitaja.

Wako,
Sydney


Butere
29 Mei 2025

Mwanangu,

Salamu. Sisi ni wazima. Tumepata mvua nyingi, na paa la jikoni linavuja upande wa magharibi. Hongera kwa Mideva.

Nimesoma barua yako, nikaisoma tena. Sitaweza kuja kwa sasa. Usiniulize kwa nini, sitaweza tu.

Lakini sikiliza. Mimi ni mtoto wa Shinyalu, nimekua nikikimbia mbele ya mafahali. Fahali akishindwa uwanjani, akageuka na kukimbia mbele ya watu, amekwisha. Hakuna tena atakayemwimbia. Mwenyewe anaweza kumpeleka kwa mchinjaji na hakuna atakayeuliza, hata aliyempa. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kutoka kwa heshima. Philemon ataumia mwezi mmoja, kisha atashika jembe, na chai iliyobaki itabaki.

Watampiganisha lini? Na ni mzuri kweli, au ni shingo tu? Mafahali wengi wanaolishwa sana huwa wazito, wanachoka upesi. Omba ashindwe. Sijawahi kuandika sentensi kama hiyo juu ya ng'ombe wa kwetu, na nisamehewe na baba yangu huko aliko.

Senje


Lurambi
Jumapili, 6 Julai 2025

Mpendwa Senje,

Natumaini paa la jikoni limezibwa. Nyumbani wote ni wazima. Mideva anaendelea vizuri shuleni. Mama anakusalimu sana na anauliza kama umemkasirikia, maana alikupigia nawe ukamjibu mambo ya shamba wakati yeye anakuuliza juu ya dawa.

Tingatinga alipigana jana asubuhi.

Nilifanya ulivyosema, niliomba. Nilijaribu pia jambo lingine. Siku ya kuamkia pambano nilimwambia Erastus labda apunguze molasi, ng'ombe asivimbe tumbo. Akanitazama. "Karani, umetumwa na watu wa Ikolomani?" Aliwasimulia wote, wakacheka, na Baba akacheka kuliko wote. "Huyu mtoto alizaliwa kalamu mkononi," akasema, "msimwulize ng'ombe anakulanga nini."

Tulitembea na umande bado majanini, isukuti mbele, filimbi, matawi, Baba katikati akiwa na koti la Kuka. Fahali wa upande wa pili alitoka Ikolomani, mwekundu, mkubwa kuliko wetu. Nilipomwona moyo wangu ulitulia. Waligongana, ukasikika mlio kama mlango unavunjwa. Yule mwekundu alimsukuma wetu nyuma, nyuma, mpaka watu wakaanza kukimbia kupisha. Nilikuwa nimekunja ngumi nikisema kimoyomoyo, geuka, geuka, kimbia. Jirani yetu akaniona akanipiga begani, "Usiogope, kijana, atashinda tu!"

Akashinda. Sijui alifanyaje. Aliinama, akaingiza pembe chini ya shingo ya mwenzake, na yule mwekundu akalia, akageuka, akakimbilia shamba la mahindi na watu nyuma yake.

Walimbeba Baba juu juu. Alikuwa akiita jina la Kuka. Senje, niliona uso wake, na ulikuwa wa mtu mwenye furaha kabisa.

Bwana Lukhanyu alikuwepo. Alimshika Baba mkono, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Philemon, bingwa halali kwenye kibanda cha mabua. Mimi nitamjengea zizi la matofali. Chakula nitaleta mimi. Erastus nitamlipa mimi. Na wewe unipe tu ile sehemu ya njia panda, ambayo chai imekwisha kung'olewa hata hivyo. Haina kazi tena." Watu wakapiga makofi. Baba akasema, "Tutaongea." Hakusema hapana. Mara zote mbili zilizopita alisema hapana.

Leo ni Jumapili lakini Bwana Lukhanyu aliniita ofisini baada ya kanisa. Akanipa karatasi yenye mambo yatakayoandikwa. "Sydney, wewe utayarishe makubaliano. Unajua majina ya baba yako vizuri kuliko mtu mwingine." Alikuwa anatabasamu kwa upole kabisa. Wanataka kutia sahihi mwisho wa mwezi.

Senje, njoo. Nakusihi kwa jina la Kuka.

Sydney


Butere
14 Julai 2025

Mwanangu Sydney,

Mwambie mama yako sikumkasirikia. Sikumsikia.

Sisikii, Sydney. Sikio la kushoto lilikwenda mwaka juzi, la kulia linamalizika. Daktari amesema hayatarudi. Hapa nyumbani hawajui vizuri, wanadhani ninajivuna au nimechoka. Sikukaa hadi shilembe kwa sababu ningesimama pale isukuti zikipigwa nisisikie, na kila mtu angeona. Ulipoomba nije nilijiona nimeketi mbele ya Philemon. Ningemwambia yangu yote. Kisha angenijibu. Na mimi ningefanya nini? Ningesema "haya, haya." Ndugu yangu si mtu wa kuambiwa haya haya.

Kwa hiyo nimemwandikia. Barua yake iko ndani ya bahasha hii, haijafungwa, isome. Nimemweleza yote, na hadithi ya mfalme, na maneno uliyoyasikia. Nimesema niliyasikia kwa mtu wa Butere. Sikukutaja. Mpe kabla ya siku ya sahihi, ana kwa ana, usimwachie mtu.

Sina jingine la kukusaidia. Natamani ningekuwa nalo.

Senje


Lurambi
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mpendwa Senje,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nimemwambia Mama juu ya masikio yako. Sikukuomba ruhusa. Alilia, kisha akasema atakuja Butere Ijumaa, na kwamba hamna haja ya kusikilizana, mtakaa tu.

Nilimpa Baba barua yako Jumatano alasiri. Alikuwa zizini. Alifuta mikono kwenye suruali, akasoma akiwa amesimama, polepole, midomo ikisogea. Tingatinga alikuwa akimlamba kiwiko. Alipomaliza aliikunja vizuri akaitia mfukoni mwa koti.

"Dada yangu anaandika vizuri," akasema. "Huyu mtu wa Butere aliyesikia, ni wewe?"

Nikachukua ndoo ya maji ya Tingatinga.

"Unafikiri sikujua?" akasema. "Nilijua kamba ikiwa mkononi. Mtu uliyemnyima shamba anakuletea fahali kaburini kwa baba yako, mbele ya ukoo mzima. Kwani mimi ni mtoto?"

"Mbona ulimpokea, Baba?"

"Nimrudishie wapi? Niseme nini, na watu wote wale?" Alimsukuma ng'ombe kichwa pembeni. "Na kazi yako ilikuja kwanza, ng'ombe akafuata. Mama yako alikuwa amekwisha kuliambia kanisa lote. Ningekataa fahali wake Jumamosi, Jumatatu ungekuwa umeketi hapa nyumbani na cheti chako."

"Ningeacha kazi mwenyewe. Ungeniambia tu."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Nikasema basi naacha sasa, kesho, kabla ya kutia sahihi. Senje, nilikuwa na maana hiyo kweli. Baba alitikisa kichwa, bila hasira.

"Chai imekwisha kung'olewa. Kazi yako ikipotea, na shamba nalo, nitakuwa nimempa Lukhanyu vyote viwili. Mideva bado ana mwaka. Wewe nenda ofisini." Kisha akasema, karibu kama anatania, "Na uandike majina yangu vizuri. Philemon kwa P na H, si F."

Walitia sahihi Alhamisi. Makubaliano yalikuwa kwa Kiingereza, na Bwana Lukhanyu akaniomba nimsomee Baba kwa Kiswahili ili asiseme baadaye hakuelewa. Nikasoma yote. Baba alisikiliza kwa adabu akiangalia dirishani, kama mtu anayesomewa habari za nchi nyingine. Aliandika jina lake. Mimi nikaandika langu chini, mahali pa shahidi. Akaondoka kwa miguu kurudi Shinyalu, alikataa kupelekwa na gari.

Ijumaa nilifika kazini mapema. Bwana Lukhanyu alipita mezani kwangu, akaweka mkono begani mwangu. "Baba yako ni mtu muungwana sana," akasema. "Nawe una kazi hapa siku zote."

Nilisimama, Senje. Nikasema asante.

Sydney